Mwandishi wa Tanga unayeutamani ubalozi, anzia Horohoro

Vijana wa redio zetu hapa Tanga wakinikuta barazani swali lao ni moja: mzee, ulitokaje kwenye habari ukaingia ubalozini? Nyuma ya swali hilo huwa yupo Benjamin Mkapa, na siwalaumu. Mwaka 1966 Mwalimu Nyerere alimkabidhi magazeti ya chama ayahariri, The Nationalist na Uhuru. Akaja Daily News, akawa katibu wa habari wa Rais mwaka 1974, akapewa Shihata, shirika la habari la taifa, kuliasisi mwaka 1976, na mwaka huohuo akapelekwa Nigeria kuwa balozi. Mwaka uliofuata alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje.

Ila wanaomtaja husahau mwanzo wake. Kabla ya hayo magazeti, Mkapa alikuwa tayari mtumishi wa Mambo ya Nje. Alitolewa huko kuja kwenye habari, kisha akarudi. Na ubalozi wenyewe hauombwi, ni uteuzi wa Rais. Kijana anayeomba ushauri wangu namwambia ausahau kwanza, atazame kazi ya Afisa Mambo ya Nje, ambayo nafasi zake hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Chuo cha Diplomasia kipo Kurasini, Dar es Salaam, tangu 1978, kiliasisiwa na Tanzania na Msumbiji kwa pamoja, na leo kina jina la Dk. Salim Ahmed Salim. Yeye alikuwa balozi Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Zile zilikuwa zama za nchi changa, msizipigie hesabu.

Mimi sikuwahi kuwa balozi. Nilikuwa mwandishi hapa mjini, baadaye nikashika dawati la habari kwenye ubalozi wetu mmoja. Kazi hizi mbili ni ndugu wa karibu kuliko watu wanavyodhani. Ibara ya 3 ya Mkataba wa Vienna wa 1961 inataja kazi za ubalozi, na mojawapo ni kufuatilia kwa njia halali hali ya mambo katika nchi uliyopo na kuiarifu serikali yako. Kwa maneno mengine, unaripoti. Wasomaji wako ni wachache, wana haraka, na jina lako halionekani popote.

Hapo ndipo mwandishi anapopata taabu. Tumezoea jambo likisikika saa nne asubuhi, saa saba liwe hewani. Ubalozini unalisikia, unaliandika, unalikabidhi, unanyamaza. Utayasoma magazeti ya kesho yamelikosea, na utaendelea kunyamaza. Niliowaona wakiondoka kwenye kazi ile, Kiingereza chao kilikuwa safi kabisa. Kimya ndicho kilichowashinda.

Sasa zoezi, na nauli yake ni ya daladala tu. Nenda Horohoro, mpakani na Kenya, keti kwa mama muuza chai, tazama malori. Ukirudi andika ukurasa mmoja, usizidi. Kwanza ulichokiona kwa macho: malori yamepanga foleni, madereva wamelala chini ya matela. Kisha ulichoambiwa, na nani: wakala wa forodha anasema mtandao umekatika tangu alfajiri. Mwisho unachodhani wewe. Ile "wenzetu wa upande wa pili wanatukomoa" aliyoitupa dereva mmoja kwa hasira usiipandishe ikakaa pamoja na foleni uliyoiona. Nimesoma taarifa nyingi za watu wazima wenye shahada mbili, na kosa lao kubwa ni hilohilo.

Ukishaweza hilo, nenda Chongoleani. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, mwisho wake ni pale. Agosti 2017 marais wa nchi hizi mbili waliweka jiwe la msingi palepale. Septemba 2022 Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kuukosoa mradi. Andika hoja ya Kampala, ya Dodoma, ya wabunge wa Ulaya na ya mvuvi wa Chongoleani, kila moja kwa namna ambayo mwenyewe akiisoma atasema "ndiyo, hivyo ndivyo ninavyosema". Hoja usiyoipenda ndiyo itakayokutoa jasho.

Kifaransa kisomeni, kinafaa. Ila msikidharau Kiswahili mlichonyonya kwa mama zenu: Umoja wa Afrika umekifanya lugha ya kazi tangu Februari 2022, na anayeweza kukiandika kwa ufupi bila kupiga porojo hapatikani kirahisi, hata huku kwetu tunakojisifia lugha.

Na kama ukimaliza kurasa zako vidole vinakuwasha uzirushe hewani jioni ileile, baki redioni. Sioni aibu hapo. Bandari, mpaka na bomba vyote viko jirani, na wanaoviripoti vizuri bado ni wachache.