Futi 63 za Kuni: Shule Yetu ya Nyumbani Majani Yakipukutika

Wiki iliyopita kifungua mimba wangu, mwenye miaka 11, aliokoa kuni zetu za baridi kwa penseli na tepu ya kupimia. Nilitaka kuiweka habari hii moyoni, lakini jana nikapata ujumbe wa mama mmoja Mtanzania aliyeko Texas: “Dada, nataka kuwatoa wanangu shule niwasomeshe nyumbani kama wewe. Ninunue vitabu gani?”

Mama mwenzangu, vitabu tutavifikia. Sikiliza kwanza ya kuni.

Tunaishi Maine, kona ya kaskazini-mashariki ya Marekani, kwenye ekari 5 zenye mawe mengi, kuku 14 na mitufaha miwili mizee. Mimi ni mzaliwa wa Njombe, kwa hiyo sakitu, ule umande unaoganda alfajiri, naijua tangu utoto. Ilikuwa ikiunguza viazi vya bibi mwezi wa Juni na Julai. Ila baridi ya huku haina huruma, na asiye na kuni za kutosha Januari haivuki. Majira haya ya Septemba hadi Novemba vitabu vingi huyaita vuli, neno ambalo kwa Mtanzania ni mvua. Watoto wangu wao husema tu “wakati wa majani”.

Kuni hapa huuzwa kwa fungu la futi 4 kwa 4 kwa 8, yaani futi za ujazo 128 zikishapangwa vizuri. Tulilipia mafungu matatu. Lori likamwaga lundo uani likaondoka, nasi tukapanga kwa siku mbili, safu moja ndefu kando ya banda, kimo futi 4. Tulipomaliza, baba yao akaitazama akasema mbona kwa macho ni chache.

Mtoto akaingia ndani akarudi na tepu. Akalaza vipande vitatu chini, ncha kwa ncha. Vikafika futi 4 kamili. Akanitazama. “Mama, kipande kimoja ni inchi 16, kwa hiyo ni futi moja na theluthi.”

Nilikuwa nimeshika glavu mkononi, nikashindwa hata kuzivaa. Theluthi! Neno hilo limeliza watu nyumbani kwetu mwaka mzima.

Akaendelea: futi 4 mara moja na theluthi ni tano na theluthi. Akapima safu, futi 63. Akakaa juu ya kigogo, akazidisha, akaandika nyuma ya bahasha: futi za ujazo 336. Mafungu matatu yangekuwa 384, safu ingefika futi 72. “Zimepungua 48, Mama.” Baba yake akapiga simu. Mwenye lori alikuja kesho yake, akapima mwenyewe, akanyamaza, na Jumamosi akaleta zilizobaki.

Sasa niseme kwa nini nililia usiku ule. Miaka mitatu nyuma, mtoto huyuhuyu akiwa shuleni, tuliitwa kikaoni. Tukaambiwa ana uzito wa kuelewa, hesabu zinamshinda, na ingekuwa vyema tuache kumchanganya kwa Kiswahili nyumbani. Waliyasema kwa upole mwingi. Nilitabasamu, nikawashukuru, nikaenda kukaa kwenye gari mpaka macho yalipokauka. Sina kisasi na mtu. Ila neno lile bado lina ncha, sitadanganya.

Tukamtoa. Na hapa nikafanya kosa kubwa: nikaihamishia shule sebuleni. Nikaweka meza, ratiba ukutani, kengele ya simu kila dakika 40. Hesabu za sehemu saa tatu asubuhi, kila siku, na kila siku mtoto anabana taya na machozi yanadondokea daftari. Nilikuwa nimemtoa mtoto shuleni nikamletea yaleyale yaliyomuumiza, tofauti ni kwamba sasa mwalimu alikuwa mama yake. Miezi ile siirudii.

Ilibadilika Oktoba, tena kwa sababu ya uchovu wangu. Ardhi ilikaribia kuganda, vitunguu saumu havijapandwa, nikasema leo hakuna meza, wote shambani. Punje moja moja, ncha juu, kina cha inchi 2, inchi 6 kati ya punje na punje, kisha matandazo ya majani makavu. Wa kati akauliza kwa nini tunapanda wakati kila kitu kinakufa. Nikamweleza kwamba kitunguu saumu kinahitaji ile baridi. Bila hiyo, kichwa hakigawanyiki punje. Akanyamaza kidogo, akasema, “Kumbe baridi ni kazi yake.” Nikayaandika maneno yale kwenye daftari la sayansi kama yalivyo.

Tangu siku hiyo wakati wa majani ndio muhula wetu mkubwa. Na si sisi peke yetu tulioligundua hili. Kaskazini ya jimbo hili, kaunti ya Aroostook, kwa miaka mingi shule zimekuwa zikifungwa wiki chache kuanzia Septemba ili vijana wakavune viazi. Wazee wa huku walijua, kama walivyojua wa kwetu, kwamba shamba nalo lina mwalimu.

Kuku nao wanafundisha. Mayai yalipopungua, kitinda mimba, miaka 6, alidhani wamekasirika. Tukampigia bibi Njombe. “Shikamoo bibi, kuku wako wanataga?” “Marahaba mjukuu wangu, wanataga, kwani wenu wana nini?” Tukamweleza bibi kwamba kuku hutaga vizuri akipata mwanga wa saa kama 14, na huku Desemba mchana una urefu wa saa kama 9 tu. Bibi alicheka mno; kwake mchana haubadiliki hivyo. Basi mtoto wa miaka 6 akamfundisha bibi yake mzunguko wa dunia, kwa Kiswahili, kwa chungwa na tochi mbele ya kamera ya simu. Lugha ile tuliyoambiwa inachanganya.

Kwa hiyo, mama wa Texas, vitabu vyovyote vizuri vitafaa. Anza na sheria. Kusomesha nyumbani ni halali katika majimbo yote 50, lakini kila jimbo lina masharti yake. Kwako Texas huhitaji kujisajili. Sisi Maine tunapeleka taarifa ya maandishi, tunafundisha siku 175 kwa mwaka, na mwisho wa mwaka mtoto hufanya mtihani au mwalimu mwenye leseni hupitia kazi zake. Bahasha ile yenye 336 iko kwenye jalada lake. Ndugu zangu mlioko Ujerumani, huko sheria hairuhusu, msije mkanisoma mkaingia matatani.

Ukishamaliza sheria, kaa na watoto wako. Toka nao nje. Usiwe msimamizi, uwe mtu wa kazi pamoja nao, mikono ichafuke yote. Wazazi wengi tuliokuja huku tunakimbiza zamu mbili, tatu, tukiamini pesa ndiyo itasomesha, na mtoto anabaki na skrini. Nisamehe nikisema kwa ukali, lakini hakuna mtaala wa kununua utakaoziba pengo hilo. Wapunguzie vitabu, waongezee muda wako. Kaa nao, narudia. Na usimruhusu mtu akuambie Kiswahili chako ni mzigo kichwani mwa mwanao.

Jumapili ya kwanza ya Novemba huku saa zinarudishwa nyuma. Kabla ya siku hiyo tunampigia bibi saa saba mchana, ikiwa kwake saa mbili usiku, na saa za kwake hazibadiliki. Kitinda mimba ameshahesabu vidole vyake mara mbili na kubandika karatasi mlangoni, herufi zimeinama kama miti kwenye upepo: BIBI SASA NI SAA SITA.