Jibu: Viongozi wapya wa chama, benki imekataa kubadilisha watia saini

Sasa boss, salamu kutoka Kisumu. Kama nimekusoma vizuri, chama chenu cha wanasayansi kilichagua mwenyekiti na mweka hazina wapya, lakini benki bado inawatambua wale wa zamani na sasa pesa za semina ya Maseno zimekwama.

Kabla urudi kugombana na benki, cheki kwanza kwa Msajili wa Vyama majina gani yako kwa faili. Huko ndiko shida hukaa mara nyingi, kwa sababu sheria inataka mabadiliko ya viongozi yapelekwe ndani ya siku 14 na watu wakishapiga picha za AGM (mkutano mkuu wa mwaka) wanasahau. Fomu ni ile H, inawekwa saini na viongozi watatu, pamoja na minitsi za uchaguzi. Siku hizi unaanzia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, si lazima upande gari mpaka ofisi za Sheria House, Nairobi.

Halafu angalia ritani za kila mwaka, yaani ripoti ambazo chama hupeleka kwa Msajili, sisi tulikuwa na deni la ritani tangu uongozi wa kabla yetu na hakuna kitu kilisonga mpaka tukazijaza zote, na kumtafuta mweka hazina wa zamani atupe vitabu ilikuwa kazi kuliko fomu yenyewe, kwa hivyo wenu mshike mapema kabla hajaanza kutoshika simu.

Katiba yenu sijaiona, so hakikisha koramu (idadi ya wanachama inayotakiwa mkutanoni) ilifika na minitsi zinasema hivyo. Ukishapata barua ya Msajili yenye majina ya viongozi wapya ndio uende benki, na muende na watia saini wa zamani.