Hao si mbayuwayu wa kawaida

Mmesema ndege wa kwenye picha ya katikati ya Machi, ya ziwa la Rutland Water, Uingereza, ni mbayuwayu wa kawaida. Hapana, hao ni mbayuwayu wa mchangani, wale wanaochimba mashimo kwenye kingo za mchanga. Angalia kifua: kuna mkanda wa kahawia unaokatiza weupe, na mgongo wote ni kahawia. Huyo wa kawaida mnayemtaja ninyi ana mgongo wa buluu inayong'aa, koo jekundu na mkia wenye ncha mbili ndefu, nyembamba. Huyo huonekana kwa wingi Aprili, ingawa mmoja mmoja hutangulia mwishoni mwa Machi.

Sababu kubwa ya wa mchangani kutangulia ni umbali. Wa mchangani hukaa Sahel, ukanda ulio kusini mwa jangwa la Sahara, msimu wa baridi; yule wa kawaida wa Uingereza huenda mpaka Afrika Kusini. Hilo la pili si kubahatisha: mmoja aliyevishwa pete ya utambulisho mguuni huko Staffordshire, Uingereza, Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Wakifika, wote hukimbilia maziwa makubwa, maana wadudu huruka juu ya maji hata siku ambazo mashambani hawaonekani kabisa. Kwa hiyo Machi simama ukingoni mwa ziwa, achana na kuwatafuta mazizini.

Ila siku ya mawingu, tena kwa mbali, rangi haiaminiki. Tazama mkia: wa mchangani una mkato mdogo tu. Ukiona kiraka cheupe juu ya mkia, huyo ni mbayuwayu wa aina ya tatu, anayejenga chini ya mapaa ya nyumba.