Kabla hujapiga Windows, tazama kompyuta inalemewa wapi

Kompyuta ya dizaini ikianza kuganda, ushauri wa kwanza utakaopewa hapa Mtwara ni "ipige Windows", yaani ifute na kuiwekea Windows upya. Kuna siku inasaidia. Mara nyingi, ukisharudisha programu na fonti zako zote, ugonjwa ni ule ule, maana hakuna aliyetazama inalemewa wapi.

Mimi huitazama ikiwa hoi. Fungua faili linalokusumbua, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, halafu angalia prosesa, memori na diski. Memori ikijaa huku diski ikigonga 100%, ujue RAM, ndiyo hiyo memori, imeisha na kompyuta inaazima nafasi kwenye diski. Kama diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, nenda tu kanywe chai. Kwa kazi za Photoshop na Illustrator ningekushauri RAM ya GB 16 na SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Hela ikitosha kimoja na tayari una GB 8, anza na SSD.

Ila kabla hujatoa hata senti, pima faili. Hili nalikuta sana kwa vijana wa stesheneri. Mteja anataka bango la mita 3 kwa 2, wao wanalifungua kwa ukubwa wake halisi, rezolusheni 300 (pikseli 300 kwa kila inchi), kwa kuwa waliambiwa 300 ndiyo ya kuchapia. Hiyo ni zaidi ya pikseli 35,000 kwa 23,000. Kwenye CMYK, zile rangi nne za kuchapia, leya (tabaka) moja iliyojaa ni zaidi ya GB 3! Hapo bado hujamweka bwana harusi, bibi harusi na maua yao. Photoshop yenyewe hailihifadhi kama PSD, faili lake la kawaida, kwani mwisho wake ni pikseli 30,000 kwa upande. Shusha hadi 100, leya ile ile inabaki kama MB 370, na anayelisoma bango kutoka ng'ambo ya barabara hataona tofauti.

Kuzimika ni kesi nyingine. Ikizima ghafla bila ujumbe wowote, shuku joto au umeme. Hela za korosho zikianza kuingia, sherehe zinafuatana na oda zinarundikana, na ndiyo miezi ya joto kali, Novemba na Desemba. Weka HWMonitor, programu ya kupima joto la kompyuta, usome nyuzi joto wakati unaexpoti kazi nzito. Zikipita 90, fungua usafishe. Kuna moja niliifungua, ya duka linalotazama barabara ya vumbi. Kati ya feni na mapezi ya chuma vumbi lilikuwa limeshikana kama pamba ya mto, nikalivuta likatoka zima. Ukipuliza, zuia feni kwa njiti isizunguke hovyo, kisha badilisha pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto lake kwenda kwenye mapezi. Joto likiwa sawa na bado inazima, azima pawasaplai nyingine ujaribu, kama ni ya mezani.

Skrini ya bluu mara nyingi ni RAM au draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa. Kwa walio karibu na bahari, kama Shangani hapa Mtwara, hewa ya chumvi huchafua meno ya RAM, kwa hiyo ichomoe kwanza, sugua meno yake taratibu kwa ufutio safi, irudishe, ndipo uendeshe Windows Memory Diagnostic.

Ikijifunga programu moja tu na nyingine zinadunda, mara nyingi kompyuta yenyewe haina kosa. Punguza fonti, kuna watu wana maelfu na wanatumia kumi. Ndani ya Photoshop zima matumizi ya kadi ya picha, ujaribu tena. Ikitulia, mara nyingi tatizo ni draiva ya kadi hiyo.

Kupiga Windows kunabaki kwa kompyuta iliyojaa virusi vya programu za kreki (zilizovunjwa kufuli zitumike bila kulipiwa), ile ambayo prosesa inachemka hata hujafungua kitu. Ikifika huko, toa kazi za wateja na folda la fonti uweke kwenye diski ya nje kabla hujampelekea fundi. Yeye atafomati tu, hatakuuliza.