Wakili bila ofisi kubwa: barua zenu na majibu

Wakili, habari ya kazi. Nimeajiriwa kwa ofisi ya mawakili hapa Upper Hill, huu ni mwaka wa tatu, sasa nataka kufungua yangu. Nimeona chumba karibu na mahakama za Milimani, kodi ni elfu 45 kwa mwezi na hapo bado sijanunua kiti wala kuajiri sekretari. Kuna jamaa pia ananiuzia programu ya kusimamia kesi, unalipia kila mwezi, anasema hiyo ndiyo itanipunguzia gharama. Nianzie wapi? (Wa Kasarani)

Wakili mwenzangu, hongera. Miaka umehesabu vizuri, maana Kifungu cha 32 cha Sheria ya Mawakili kinataka ufanye kazi miaka 2 chini ya wakili mzoefu kabla ya kujitegemea, na wapo vijana wanaruka hapo halafu wanajuta. Lakini hicho chumba usikilipie kwanza. Na programu pia iache kwanza.

Jiulize hiyo elfu 45 inanunua nini. Zamani ilikuwa inanunua ukaribu na rejista ya mahakama, kwa sababu klaki alikuwa anapanga foleni na mafaili mkononi kuanzia asubuhi, na ukikaa mbali siku yako imeisha. Tangu tarehe 1 Julai 2020, Jaji Mkuu akiwa David Maraga, mahakama za Nairobi zinapokea kesi mtandaoni, na Machi 2024 Jaji Mkuu Martha Koome akauzindua mfumo huo nchi nzima. Sasa hivi unafaili ukiwa Kasarani saa tano usiku, unalipa ada kwa simu, na menshoni nyingi, yaani vile vikao vifupi vya kutaja kesi, unaingia kwa video. Ule ukaribu hauhitaji tena kodi ya kila mwezi.

Kitu ambacho bado kinahitaji chumba ni mteja. Mtu anayekuja kukwambia bwana yake amemtoa kwa nyumba, au ndugu zake wameuza shamba la marehemu baba, huwezi kumkalisha mkahawani meza ya pili ikisikiliza. Kodi chumba cha mikutano kwa saa, siku 2 kwa wiki, wateja wote uwapange siku hizo. Nilianza hivyo na hakuna mteja aliyenikimbia, wanachotaka ni mlango unaofungwa na mtu anayewasikiliza bila kushika simu.

Sasa programu. Haitakusaidia kama mafaili yako hayajapangwa, na hapa naomba unisikilize kwa sababu yalinikuta. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naskani kila kitu kwa simu na kuacha majina yale inayojipa yenyewe, scan0046, scan0047, nikijua nitapanga wikendi. Siku moja naandika imeili kwa wakili wa upande wa pili, nimeambatanisha scan0047 nikijua ni barua yetu ya madai, sijui nini kilinifanya nifungue kwanza nikakuta ni mkataba wa nyumba wa mteja mwingine kabisa, namba ya kitambulisho iko pale, sahihi iko pale, bei iko pale. Kidole kilikuwa tayari kwa kutuma. Nilikaa hiyo Jumapili mpaka usiku nikibadilisha majina moja moja.

Tangu siku hiyo kila kesi ina namba yake na folda yake, na kila hati jina linaanza na namba ya kesi, halafu tarehe ukianza na mwaka, halafu ni nini. Kwa mfano 014, 2025-03-14, barua ya madai. Ukianza na mwaka kompyuta inazipanga zenyewe kwa mfuatano, ukifungua folda unasoma kesi kama hadithi kuanzia juu mpaka chini. Karatasi ikiingia leo inaskaniwa leo. Tarehe ikitajwa mahakamani inaingia kwa kalenda kabla hujazima kamera, na kalenda yenyewe iwe inaonekana kwa simu yako na ya mtu mwingine mmoja, kwa sababu nimeona kesi ikitupwa kwa vile daiari ya klaki ilisahaulika kwa matatu. Ukiishi hivyo miezi 6 ndiyo utajua kama unahitaji ile programu na unaihitaji ifanye nini, na hapo ukinunua utakuwa unanunua kwa macho wazi.

Vifaa sitaki kukuchosha navyo. Laptopu ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, kutoka mjini inatosha ukihakikisha betri ni nzima, printa ya leza ya wino mweusi, basi. Rundo la hati la kurasa 200 peleka kwa saiba waskani, usijiue na simu. Mahali pa kutumia pesa ni intaneti, uwe na faiba ya nyumbani na pia laini ya simu ya mtandao tofauti yenye bando, kwa sababu stima ikipotea katikati ya usikilizaji ruta inazimika nayo, na hakimu hana muda wa kukungojea. Nakala za mafaili ziwe klaudi na pia kwenye diski ya nje inayokaa mahali pengine, si ndani ya begi moja na laptopu. Weka paswadi na ile hatua ya pili ya kuthibitisha. Kumbuka siri za mteja ni jukumu lako, na juu ya hilo kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo usiwahi kuacha akaunti ya mahakama wazi kwa kompyuta ya saiba.

Pesa ndiyo mahali ambapo usibane matumizi hata kidogo. Fungua akaunti 2, ya ofisi na ya wateja, na pesa ya mteja isiguse ya kwako hata kwa usiku mmoja, Kanuni za Akaunti za Mawakili zinataka hivyo. Shida inaanza na M-Pesa. Mteja anakutumia deposit ya kiwanja kwa namba yako binafsi kwa sababu ndiyo anayo, jioni unanunua unga na tokeni kutoka kwa hiyo hiyo namba, na kufikia mwisho wa mwezi huwezi kueleza shilingi ipi ni ya nani. Mawakili wazuri wamepoteza jina hivyo na hawakuwa na nia mbaya. Chukua namba ya kulipia iliyounganishwa na akaunti ya benki, iandike kwenye barua zako, na namba yako binafsi ukipokea kitu rudisha siku hiyo hiyo na umwelekeze pa kutuma. Ada yako nayo ikatie invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za mtandaoni, tangu Januari 2024 kampuni bila hiyo haiwezi kuiweka kwenye matumizi yake ya kodi, kwa hiyo wataidai tu.

Na usidhani kwa vile gharama zako ni ndogo utateka wateja kwa bei ya chini. Kuna kiwango cha ada kilichowekwa, na Kifungu cha 36 cha Sheria ya Mawakili kinakukataza kwenda chini yake. Faida ya kukaa mwepesi ni kwamba unaweza kumpa mteja muda wako bila kuwazia kodi.

Wakili, naweza kuacha AI iniandikie sabmishoni, zile hoja za maandishi za kupeleka mahakamani? Inaandika vizuri kunishinda. (Wa South B)

Ikusaidie kupanga mawazo na kusahihisha lugha, sawa, ukiwa umetoa majina ya wateja. Kesi za kunukuu usichukue kwake. Mwaka 2023 huko New York, kwenye kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili walipeleka mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizitunga tu, hazikuwahi kuwepo, wakapigwa faini ya dola 5,000. Sisi hapa tuna tovuti ya Kenya Law, hukumu ziko wazi na ni bure. Fungua kila hukumu unayoitaja, isome mpaka mwisho, ndipo uweke sahihi. Jina lililoko chini ya hiyo karatasi ni lako.

Mwanangu, mimi nina duka Umoja. Kuna mpangaji wangu wa zamani ana deni langu, wakili niliyepewa hana ofisi, tunaongea WhatsApp tu na anataka nimtumie pesa. Nitajuaje si tapeli? (Mama wa duka)

Shikamoo mama. Kukosa ofisi si kosa, kama ulivyosoma hapo juu hata mimi nilianza hivyo. Lakini usitume kitu bado. Chama cha Mawakili kina ukurasa mtandaoni wa kutafuta wakili kwa jina, mwambie kijana wa hapo dukani akuandikie jina lote kamili, mtaona kama yumo na kama cheti chake cha mwaka huu kiko hai. Mtu asiye na cheti cha mwaka huu haruhusiwi kukuwakilisha, hata akiwa na suti nzuri namna gani.

Akiwa yumo, mwombe barua inayosema atafanya nini na kwa pesa ngapi, halafu lipa kwa akaunti yenye jina la ofisi yake na udai risiti. Akishafaili mwombe namba ya kesi. Na mama, deni lako likiwa halizidi milioni 1 muulize kwa nini asiende Mahakama ya Madai Madogo, ilianza Milimani Aprili 2021 na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Akikujibu vizuri hapo, bila kukasirika, mtumie deposit.