Nikikaribia Mikindani miguu inagoma

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu, miaka 51, naishi Shangani, Mtwara. Kila Jumamosi hukimbia mpaka Mikindani. Tangu nianze kumeza atenololi ya presha, saa ya mkononi haivuki mapigo 115 hata nijikaze vipi, na nikikaribia Mikindani miguu inagoma. Kitambi nacho hakitoki. Niache dawa?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Usiache! Ukiikata ghafla presha inaweza kupanda, kifua kubana, hata kupata shambulio la moyo.

Sasa miguu. Ukikimbia mwendo mrefu, mwili hutoa adrenalini, nayo huamuru mafuta ya akiba yavunjwe, yaingie kwenye damu, misuli iyachome. Atenololi huiziba mdomo adrenalini hiyo. Moyo hausikii amri, ndiyo maana umegota 115. Mafuta nayo yanatoka kidogo kidogo, kama korosho zilizojaa ghalani na mwenye kibali haonekani. Misuli inageukia sukari, na akiba ya sukari mwilini ni ndogo.

Propranololi, ndugu yake atenololi, ina balaa zaidi, maana hubana hata sukari ya kwenye ini na misuli. Mimi niliwahi kuimeza. Asubuhi moja nilikwenda Naliendele kwa baiskeli na chai kavu tumboni. Wakati wa kurudi nilijikuta nimekaa chini ya mkorosho, nguo zimelowa chapachapa, nikalaumu jua. Kijana mmoja akanipa soda; baada ya muda nikasimama. Dawa hizi huficha kutetemeka na moyo kwenda mbio sukari ikishuka. Jasho ndilo halifichiki, lakini kwa joto la Mtwara nani atalitilia shaka? Na mimi muuguzi mzima!

Kwa hiyo kula ming'oko au muhogo wa kuchemsha muda wa saa mbili kabla ya kutoka, na ubebe ndizi za njiani. Korosho ziache nyumbani, hayo ni mafuta mengine ya kwenda ghalani. Mwendo usiupime kwa saa: ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema katikati, unakutosha.

Kitambi? Dawa huweza kuongeza kilo moja hivi. Zilizobaki iulize sahani ya wali.

Kisha rudi kwa daktari. Kama tatizo ni presha peke yake, zipo amlodipini na losatani, ambazo hazizuii mafuta namna hiyo. Kama alikupa kwa ajili ya kifua kubana au mapigo kwenda ovyo, kubadilisha si rahisi. Mweleze kwamba unakimbia, na hiyo saa nenda nayo aione.