Nimebadilisha kioo cha mbele, sasa gari linalia nikiwa katikati ya njia. Nini kimeharibika?

SWALI

Habari za kazi, mhandisi. Nina Toyota Fielder ya mwaka 2016 iliyotoka Japani. Zamani nikienda Morogoro, nikishapita Kibaha, kila nikikaribia mstari wa barabara gari lilikuwa linalia pii-pii-pii. Nikiwa mjini lilikuwa kimya. Mwezi uliopita kokoto lilipasua kioo cha mbele, nikaweka kingine. Tangu hapo siku nyingine halilii kabisa, siku nyingine linalia wakati niko katikati ya njia yangu, na kuna taa ya njano imewaka kwenye dashibodi. Fundi anasema sensa ya usukani imekufa, ninunue nyingine. Naomba unieleze mfumo huu unafanyaje kazi, na je, ninunue?

Msomaji, Tabata

JIBU

Ndugu yangu wa Tabata, hiyo sensa, yaani kifaa kinachopima usukani umegeuzwa kiasi gani, usiinunue kwanza. Tatizo lilianza baada ya kubadilisha kioo, na jicho la mfumo huu wa kukuonya gari linapotaka kutoka njiani limekaa hapo hapo kwenye kioo.

Simama mbele ya gari lako utazame juu, nyuma ya kile kioo cha ndani cha kuangalia nyuma. Utaona kiboksi cheusi kimebanwa kwenye kioo cha mbele. Ndani yake kuna kamera, na kwa Fielder ya toleo lako kuna pia leza. Kamera hiyo inapiga picha za barabara mfululizo, na kompyuta yake inatafuta jambo moja kwenye kila picha: mahali ambapo weusi wa lami unaruka ghafla kuwa weupe, kisha unarudi tena kuwa weusi, kwa upana unaofanana na wa mstari wa barabara. Ikipata vipande vya namna hiyo vilivyopangana, inaviunganisha na kupata mstari wa kushoto na wa kulia, hata kama barabara inapinda. Mashimo haiyahesabu, bodaboda anayekuja upande usio wake haimhusu. Sehemu hii ya mfumo inasoma rangi iliyochorwa chini, basi.

Hatua inayofuata ni hesabu. Kwa kuwa kompyuta imeambiwa kamera iko juu kiasi gani na inatazama kwa pembe ipi, inaweza kugeuza picha kuwa sentimita: tairi la kushoto liko umbali gani kutoka mstari, na linausogelea kwa kasi gani. Chukua mfano wa barabara ya Chalinze. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukisinzia, pua ya gari ikageuka digrii 2 tu kutoka uelekeo wa barabara, tayari unasogea pembeni karibu sentimita 77 kwa sekunde. Kama tairi la kulia lilikuwa sentimita 60 kutoka mstari wa katikati, una chini ya sekunde moja kabla ya kuuvuka, na upande wa pili huenda kuna semi-trela linakuja. Ndiyo maana mlio huja kabla hujaukanyaga mstari. Magari mengine hayalii, yanatikisa usukani au kiti. Na mengine yana mota ya usukani inayokuvuta taratibu kurudi ndani. La kwako linaonya tu, kurudi ni kazi yako.

Kunyamaza mjini si ubovu. Kwenye gari lako mfumo huu unaamka kuanzia takribani kilomita 50 kwa saa, na magari mengine yanasubiri zaidi ya hapo. Sheria yetu inataka usizidi 50 kwenye makazi, na kwa foleni ya Buguruni au Mwenge hata hiyo huifikii. Pia ukiwasha indiketa mfumo unanyamaza makusudi, kwa sababu unaelewa kwamba unahama kwa kutaka mwenyewe. Wanaolalamika kwamba gari linawapigia kelele kila wanapo-overteki mara nyingi ni wale wasiowasha indiketa, na hapo gari liko sahihi.

Sasa tuje kwenye kioo chako. Ile hesabu yote imejengwa juu ya pembe ya kamera. Kamera ikigeuka digrii 1 tu kwenda kulia au kushoto, kitu kilicho mita 30 mbele kitaonekana kimehama karibu nusu mita. Nusu mita ndani ya njia yenye upana wa mita tatu na kitu ni nyingi mno. Kompyuta itaamini uko juu ya mstari wakati uko katikati, na itaamini uko salama wakati tairi limeshavuka. Hayo ndiyo mambo mawili uliyoandika. Kioo kipya kikiwa na unene tofauti kidogo, kishikio cha kamera kikigandishwa kwa gundi bila kupimwa, au kamera ikirudishwa bila kukaa vizuri kwenye nafasi yake, digrii moja inapotea bila mtu kuiona kwa macho.

Kuna mengine madogo ya kuangalia kabla hujatoa hela. Je, kioo kipya kina ukanda wa tinti juu, unaopita mbele ya kamera? Je, stika ya bima au ya Wiki ya Nenda kwa Usalama imebandikwa karibu na kile kiboksi? Nimeona stika moja ikizima mfumo mzima. Kipande cha kioo kilicho mbele ya kamera kinatakiwa kiwe wazi, kisafi ndani na nje, na waipa zikifikie.

Baada ya hapo peleka gari kwa fundi mwenye mashine ya kusoma Toyota, na mwambie unataka kamera ya mbele ipimwe upya. Gari husimamishwa kwenye sakafu iliyonyooka, tairi zikiwa na upepo sahihi, mizigo imetolewa. Mbele yake huwekwa ubao wenye alama, kwa umbali na urefu uliopimwa kwa futi, na mashine inaifundisha kamera katikati ni wapi. Kuna aina za magari ambazo kazi hii hufanyika kwa kuendesha kwenye barabara yenye mistari mizuri. Fundi akikuambia anaweza "kufuta taa" tu, kataa. Taa itazimika na kamera itabaki imepinda.

Nasisitiza hili kwa sababu kiboksi hicho hicho ndicho kinachoongoza breki za dharura za gari lako, zile zinazojikamata zenyewe. Kikitazama pembeni, gari linaweza kuchelewa kuona kilicho mbele. Mpaka kipimwe, zima mfumo wa mistari kwa kitufe chenye picha ya gari na mistari miwili, ili usizoee kupuuza mlio, na endesha ukijua kwamba breki hizo nazo usizitegemee.

Hata mfumo ukishapona, usitarajie makubwa kila mahali. Mstari uliofutika hausomeki. Usiku wa mvua maji yanafunika zile punje za kioo zilizochanganywa kwenye rangi ya barabara, mwanga wa taa zako haurudi, na kamera inabaki gizani. Jioni ukielekea Kibaha jua liko usoni pako na usoni pa kamera. Lami iliyozibwa nyufa kwa mistari ya lami mpya inayong'aa inaweza kuidanganya pia.

Hata hivyo usiuzime moja kwa moja. Utafiti wa mwaka 2017 wa IIHS, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama barabarani, ulikuta kwamba kwa magari yenye onyo hili ajali za kutoka njiani, kugongana uso kwa uso na kukwaruzana ubavuni zilipungua kwa asilimia 11, na zile zenye majeruhi zilipungua kwa asilimia 21. Ulaya, kuanzia Julai 2024, kila gari dogo jipya linalouzwa lazima liwe na mfumo wa kulizuia lisitoke njiani. Kwa anayesafiri usiku kati ya Chalinze na Morogoro, kifaa hiki kina thamani.

Sensa ya usukani ipo kweli na kompyuta za gari huitumia, kwa hiyo fundi wako hajaizua. Mwambie asome gari kwa mashine na akuonyeshe namba ya hitilafu kwenye skrini. Ikitaja kamera, kazi ni ile niliyoeleza. Ikitaja sensa ya usukani, na bado ikaitaja baada ya kamera kupimwa na alaimenti ya tairi kukaguliwa, hapo nunua.